Kadi ya Baba Yenu na Saini ya Kaka Yenu

Kitinda, zima hiyo draya, na mteja wako mwambie akae na rola zake kichwani mpaka nimalize. Nywele zikichelewa hazijawahi kuua mtu. Sogeeni hapa. Wewe Mkubwa, kalia kiti cha baba yako, usikitazame kama kinauma, ni mbao na miguu minne tu. Mwalimu, njoo ukae ukingoni mwa kitanda nipate kukushika mkono, maana najua nikiwaacha mchague wenyewe mtakaa mmoja huku na mwingine kule, kama watu wasiojuana waliokutana kwenye benchi la hospitali. Na wewe mkwe wangu, usisimame mlangoni kama mpangaji anayedaiwa kodi. Ingia, rudisha mlango, keti. Nina maneno na nina pumzi, na maneno yamezidi pumzi, kwa hiyo naomba asinikatize mtu.

Nisikilizeni vizuri, wanangu. Nesi aliyeondoka asubuhi alinisihi nipumzike, nikamwambia mapumziko ninayoyaendea ni marefu ya kutosha, leo aniache niseme. Akacheka, kisha akageukia dirishani akawa anakunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. Mimi ni mtu mzima, naelewa mtu akikunja kitambaa mara mbili. Haya nisemayo yachukueni kuwa wosia wangu, na mtakapoulizwa kesho na keshokutwa mama yenu alisema nini, msipunguze wala msitie chumvi.

Naanza na mepesi. Nyumba hii iko kwa jina langu. Niliijenga chumba baada ya chumba kwa kushona sare za shule, na kila nikiutazama ukuta naukumbuka kwa rangi ya sare: chumba hiki ni sketi za buluu, sebule ni kaptura za kaki, na hapo mbele Kitinda anaposukia watu nywele ni mashati meupe ya ile shule iliyofungwa. Naiacha kwenu watatu, sawa kwa sawa, karatasi yake iko kwa wakili wangu, na jirani yetu Karani, yule aliyestaafu mahakamani, ameshuhudia. Isiuzwe maadamu Kitinda anapata riziki yake hapo mbele. Siku atakayotaka kuondoka kwa hiari yake, kaeni chini mzungumze kama watu waliotoka tumbo moja.

Cherehani yangu kubwa apewe mkwe wangu. Mwalimu, nakuona unavyotazama dari. Tazama tu, dari ni yenu. Wewe kushona kifungo ni mpaka umwite fundi, na Kitinda mikono yake iko kwenye vichwa vya watu. Huyu mke wa kaka yenu ndiye aliyenisafisha na kunigeuza tangu miguu iliponikataa, na ndiye aliyenipeleka mahali nitakapowaeleza sasa hivi, kwa hiyo cherehani ni yake na asisemwe. Madeni yangu mimi ni machache. Muuza maziwa ananidai ya wiki hii, na kikundi chetu cha kina mama kinanidai mchango mmoja. Ninaowadai mimi ndio wengi, wazazi waliochukua sare wakasema watalipa mwisho wa mwezi, na mwezi huo mpaka leo haujaisha. Wasameheni wote, isipokuwa yule mwenye shule binafsi anayepita na gari la vioo vyeusi. Huyo mfuateni mpaka alipe, kwa sababu kumsamehe tajiri ni kumlea vibaya.

Sasa nafika kwenye deni lenyewe, lile ambalo ndani ya nyumba hii limekuwa likitajwa kwa kunong'ona kama jina la mchawi. Mimi nalitaja kwa sauti. Ni deni la kadi ya mkopo ya baba yenu, na lisipomalizwa leo, Jumatatu wanampeleka kaka yenu mahakamani.

Mkubwa, inua kichwa. Hata sijaanza.

Baba yenu alikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha samani, mtu wa kuhesabu misumari na kulala na funguo chini ya mto. Watu wa benki walikuja pale kiwandani na meza na mwavuli, wakawa wanagawa kadi kwa kila mwenye hati ya mshahara kama wanaogawa peremende, wakampa na kofia juu yake. Alirudi nyumbani akaitoa kwenye mfuko wa shati, akaniwekea kiganjani, akasema, "Mke wangu, sasa na sisi tumekuwa watu." Nikamuuliza, "Kwani jana tulikuwa nani?" Akacheka, nami nikacheka, na siku ile hatukuona ubaya wowote.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na harusi kwa kweli tuliila. Kadi ile ilinunua mabati yanayotufunika sasa hivi. Ililipa hospitali Kitinda alipovunjika mguu. Ilinunua miwani ya wifi yangu, shangazi yenu, na miwani hiyo hiyo ndiyo anayonitazamia kwa jicho baya akiwaambia watu kwamba kadi ya kaka yake niliila mimi. Mwacheni aseme, mradi anaona vizuri. Na kadi ile ndiyo iliyolipa ada yako ya mwaka wa mwisho chuoni, Mwalimu. Si siri ninayoifichua. Ulisimama naye kwenye dirisha la mhasibu, ukamwona akiitoa, ukamkumbatia mbele ya watu mpaka akaona haya. Nakukumbusha kwa sababu tangu deni hili lianze kusemwa hapa nyumbani sijakusikia hata siku moja ukiitaja ada hiyo.

Kisha kiwanda kikafungwa. Mshahara ukaisha, kadi ikabaki. Mwanzoni baba yenu alikuwa akilipa kile kiasi kidogo kabisa wanachokuruhusu kulipa, riba inakimeza, na deni lenyewe limekaa palepale linamtazama. Baadaye hata hicho kidogo kikashindikana. Benki wakachoka, wakaliuza kwa kampuni ya kukusanya madeni, maana siku hizi hata deni lina soko, na baba yenu akafa mambo yakiwa hivyo, simu zao zikiita juu ya meza ile pale, naye anaigeuza simu kifudifudi na kuendelea kunywa chai.

Siku ya mazishi kaka yenu alisimama, kama anavyosimama mtoto mkubwa popote watu wanapozikana kwa heshima, akasema maneno yanayosemwa. Kama kuna mtu anamdai baba yetu, asimsumbue aliyelala, aje kwangu. Wengine huishia hapo, au husema njooni tuongee. Yeye aliongeza, "Nitalipa," tena akarudia ili walio nyuma wasikie. Mimi sikukasirika, na msije mkanisingizia kwamba nilikasirika. Nilipoisikia sauti yake haitetemeki nilijiona mjane, ndiyo, lakini mjane mwenye mwana, na maneno yale yalinifariji kuliko mikono yote iliyonishika siku ile.

Muuza nyama akaja jioni, akasema alikuwa akimdai kidogo, akasamehe hapo hapo. Fundi viatu akaja, akalipwa. Na katikati ya waombolezaji, wanangu, alikuwapo mtu wa ile kampuni, Bwana Mkoba kama tulivyokuja kumwita. Alikaa kwenye viti vyetu, akala, akanawa, akatoa na rambirambi, na nadhani ndiyo rambirambi pekee duniani iliyowahi kumrudia mwenyewe na faida kubwa kiasi hicho.

Alirudi wageni walipokwisha kutawanyika. Akamsifu kaka yenu, akamwambia wanaume wa siku hizi hawasemi vile tena, kisha akafungua mkoba akatoa karatasi na kalamu. Mkwe wangu huyu akanyoosha mkono, akasema, "Baba watoto, hebu niisome kwanza." Na kaka yenu akamjibu, mimi nimeketi pale pale nasikia, "Niliyoyasema mbele ya kaburi la baba, niyasome tena ya nini?" Akasaini amesimama. Hata kuketi hakuketi.

Kosa ndilo hilo, na ni kosa la watu kama sisi, tuliofundishwa kwamba ahadi ni deni, ila hatukufundishwa kwamba wako watu wanaozunguka misibani kuziokota ahadi. Karani amenieleza utaratibu, nami nawaeleza ninyi. Deni la marehemu hulipwa kwa alichoacha marehemu. Alichoacha baba yenu ni baiskeli, saa ya mkononi na suti moja, na suti tulimzika nayo. Kama kaka yenu asingesaini, wangechukua baiskeli wakaenda zao. Lakini karatasi ile ilisema kwamba yeye, fundi wa friji, mwenye mke na watoto, analikubali deni lote na riba yake kuwa lake mwenyewe. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi wake watu wangeusamehe, lakini saini kampuni haikuisamehe.

Akalipa, tumpe haki yake. Alilipa wakati friji za watu zilipokuwa zikiharibika na wenyewe wana pesa ya kuzitengeneza. Kisha mgongo ukamwuma, kazi zikapungua, akaacha kulipa, na akaacha kusema kwamba ameacha. Akabadilisha laini ya simu. Akawa haji hapa mchana, kwa sababu Bwana Mkoba alikuwa anaijua nyumba hii. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na barua ya mawakili iliyoletwa kwa mkono, na mkono ulioipokea ukawa wa Mwalimu.

Sitayarudia yote mliyoambiana sebuleni siku ile. Mawili tu nitayataja, kwa kuwa ndiyo yaliyowakwama kooni kama mwiba wa samaki. Mwalimu, ulimwambia kaka yako, "Ulitaka kupigiwa makofi kaburini." Mkubwa, ukamjibu, "Na wewe ulitaka baba azikwe kama mwizi." Tangu hapo mnasalimiana kupitia mtoto. "Mwambie mjomba wako chai iko tayari." "Mwambie mama yako nimeshiba." Mjukuu wangu mmemgeuza posta. Sasa mimi niliyewazaa nawahukumu leo, na hukumu yangu haina rufaa: kaka yako hakutaka makofi, alitaka baba yake alale kwa amani, na dada yako hakutaka baba aitwe mwizi, aliiogopea nyumba. Na alikuwa na sababu ya kuogopa.

Maana hesabu yenyewe ni hii. Nikifa, theluthi ya nyumba hii ni ya Mkubwa. Wakimshtaki watamshinda, kwa kuwa saini ni yake na hawezi kuikana, na wakimshinda wataifuata theluthi hiyo. Nyumba haikatwi kwa mkasi kama kitambaa. Itapigwa mnada nzima, na kiti cha Kitinda na kioo chake vitawekwa barabarani. Mwalimu akaniletea akili yake, akasema, "Mama, mtoe Kaka kwenye karatasi. Andika sisi wawili. Wakija wakute hana kitu." Alilisema kwa nia njema na macho yamemvimba. Nilikaa nalo, nikaligeuza huku na huku. Karani akaniambia mahakama inaweza kuipangua hila ya namna hiyo, lakini hata kama isingeipangua ningekataa. Siwezi kumfuta mwanangu ili nimfiche. Wadai wangeondoka, karatasi ingebaki, na wajukuu wangu wangeisoma kama ilivyo, kwamba bibi yao alizaa watoto wawili.

Nipe maji, Kitinda. Kidogo tu. Basi.

Kwa hiyo nikaenda mwenyewe. Dawa ya deni kulipa, lakini hata dawa mtu huuliza kipimo. Mkwe wangu alinishika mkono, fimbo yangu upande wa pili, tukafika kwenye ofisi ya mawakili wao, tukakalishwa kwenye viti vya plastiki karibu na dumu kubwa la maji lisilo na bilauri. Wakili mwenyewe ni binti, rika la Kitinda, ana adabu zake. Nikamwambia, "Mwanangu, sikuja kukana. Mume wangu alikula, na sisi tulikula naye. Nionyeshe tulichokula ni kipi, na mlichoongeza ni kipi." Akachapisha taarifa nzima ya akaunti, mkwe wangu akanisomea mstari kwa mstari: mabati, hospitali, miwani, ada, na baada ya hapo kurasa kwa kurasa za riba na faini za kuchelewa. Nilipoisikia ile ya ada nilikohoa, nikasingizia vumbi.

Nikamwambia binti wa watu, kile cha kwanza nitakilipa chote bila kulalamika, na hicho cha pili tukizungumze. Tulizungumza siku ile, tukarudi tukazungumza tena. Sikumshinda kwa maneno, msije mkanipamba msibani. Wale walilinunua deni kwa bei ya kutupwa, na kwao pesa ya leo mkononi ni bora kuliko kesi itakayoburutwa mpaka binti mwenyewe awe bibi. Wakakubali chini ya nusu, mradi ilipwe yote kwa pamoja, mradi iwe kabla hawajafungua kesi, na mradi yule aliyesaini mwanzo afike mwenyewe asaini na mwisho.

Pesa nimeitoa wapi, mnajua. Kiwanja cha nyuma nimemuuzia seremala. Ni kile kile nilichokuwa nikisema tangu zamani ni cha Mkubwa, ajenge karakana yake, na nilikisema hivyo kwa sababu zamani, mshahara wa baba yenu uliposhindwa kutosha ada za watoto watatu, ni yeye aliyeacha shule akaenda kubeba friji za watu mgongoni, ili ninyi wawili muendelee. Huo mgongo unaomwuma leo ulianzia hapo. Shangazi yenu atasema nimemla mwanangu kiwanja. Msimjibu.

Na huyu bwana akakataa. Hundi iko tayari, wakili anamngoja, naye anamtuma mke wake aje kuniambia kwamba hawezi kuulipia ujinga wake kwa ardhi ya mama yake. Nimemtumia maneno, amenirudishia maneno. Leo kaja kwa sababu kaambiwa mama yako anakufa, na hilo aliloambiwa si uongo.

Mkubwa, mwanangu, nitazame. Kwanza ulijivuna ukasema nitalipa, sasa unajivuna unasema sitaki kulipiwa. Ni mlevi yule yule, amebadili baa tu. Kiwanja kile kilikuwa chako, nilishakisema mbele ya wote hawa, kwa hiyo anayelipa si mimi, ni wewe. Ulimwahidi baba yako kwamba utalimaliza deni lake, na leo unalimaliza kwa mali yako mwenyewe. Naomba ukaikamilishe kazi uliyoianza, ila safari hii uketi. Na ninyi wengine, asije mtu akasema siku moja kwamba Mkubwa ameshakula fungu lake la nyumba hii. Kiwanja kilikuwa nje ya theluthi yake. Atakayesema hivyo atakuwa amenivunjia kauli yangu nami sipo wa kuitetea, na hilo sitaliridhia hata huko niendako.

Lia, hakuna aliyekukataza. Lia huku unasikia.

Mtakwenda wawili, wewe na Mwalimu. Mwalimu, kazi yako ni kusoma. Soma kila mstari kabla kaka yako hajashika kalamu, na wakikosea jina au tarehe wasahihishie kama unavyowasahihishia watoto wa darasa la pili. Hundi iko kwenye bahasha, kwenye droo ya mabrashi ya Kitinda, na imeandikwa jina la kampuni. Bwana Mkoba msimpe kitu mkononi hata akiwalilia. Mambo yasiyotakiwa kukosekana kwenye makubaliano ni haya: kwamba kiasi hiki kinamaliza deni lote, kwamba kinachobaki hawatakiuza kwa mtu mwingine aje naye kuanza upya, na kwamba kesi haifunguliwi. Wao wasaini kwanza. Ndipo mtoe hundi. Wakiwaambia risiti mtatumiwa, kaeni kwenye vile viti vya plastiki mpaka iandikwe na kugongwa muhuri. Hiyo kazi ya kukaa na kungoja kaka yako anaiweza, ni fundi wa friji, amezoea kungoja barafu igande.

Kuhusu mazishi yangu, sitaki mabishano. Nizikeni karibu na baba yenu, msikodi maturubai mengi, na wanaolala watosheke na mikeka iliyopo. Atakayesimama kusema ni Mkubwa. Si mume wa Mwalimu, si mpwa wangu yule mwenye sauti ya redio. Mwalimu, najua uliwahi kusema kaka yako asisimame tena mbele ya watu, na neno hilo naliondoa leo. Atasimama aseme hivi: anayemdai mama yetu aje na ushahidi wake, tutaketi naye, tutasoma, na kinachostahili kitalipwa kwa alichoacha mama. Asiongeze. Akija mtu na mkoba mpeni chakula, mpeni na kiti, mumwitie Karani, na karatasi yake msiisaini siku ya msiba.

Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Nimeona wadai wengi maishani, wa benki na wa mtaani, na wote wanapenda nyumba ambayo watu wake hawasemezani, kwa sababu kila mmoja wao hubanwa peke yake. Kama siku ile barua ilipokuja mngeketi wote watatu na kuisoma pamoja, mimi nisingelazimika kwenda na fimbo. Silaumu. Nasema ili mkumbuke itakapokuja nyingine, maana barua haziishi, huja tu na majina mengine.

Sasa nimechoka. Sauti inaisha... kama uzi kwenye bobini, unaiona inazunguka bado kumbe kimebaki kidogo. Kitinda, niinue mto. Hapo.

Radhi yangu nawapa nyote. Ya ziwa nililowanyonyesha, na ya mgongo niliowabebea. Mkubwa, nakuridhia. Sijawahi kukuonea haya... hata siku moja, sikia neno hilo. Mwalimu, nakuridhia, na ukali wako nauridhia, umeilinda nyumba. Kitinda wangu. Na wewe mkwe, wewe ni mwanangu, hilo la ukwe ni maneno ya watu. Mungu awape riziki ya halali. Awape usingizi wa mtu asiyedaiwa. Mkishikana awazidishie, mkiachana awarudishe.

Mbona bado mmekaa? Leo Ijumaa, ofisi zile hufunga mapema.

Najua unachotaka kusema, Mwalimu. Kwamba mtu hamwachi mama yake akiwa hivi. Nikifa mkiwa hapa, nyumba itajaa watu na hakuna atakayewaachia mtoke. Kilio kitalala Jumamosi, kitalala Jumapili... na Jumatatu asubuhi watakuwa wamefungua kesi. Kilio hakina tarehe ya mwisho. Hili linayo. Kitinda atanishika mkono. Nimemkataza kuwapigia simu... litokee la kutokea, msijue mpaka mmetoka ofisini. Na wewe mkwe, watu wakija wakauliza wakubwa walikuwa wapi, wajibu kwamba walitumwa na mama yao.

Chukua bahasha, Mwalimu. Mkubwa... ngazi za ile ofisi ni kali, hazina pa kushika. Na goti la dada yako unalijua. Mpe mkono. Hapana, sasa hivi, nione.

Haya.

Mkirudi na hiyo risiti... msiiweke mfukoni. Njooni nayo hapa kitandani, mnisomee. Kwa sauti, neno kwa neno. Hata mkikuta nimefunikwa... nisomeeni.